Bajaji ya Mtu Aliyechukuliwa na Mto

Bajaji yangu niliinunua kwa familia ya kijana aliyechukuliwa na mto Mutambala wakati wa mvua. Maji yalikuwa yamefunika njia, akaiacha bajaji ukingoni na kujaribu kuvuka kwa miguu. Ilikutwa pale pale, haina hata mchubuko. Yeye hakuonekana tena.

Hayo niliyajua kabla ya kununua. Mji mzima wa Baraka, nani asiyeyajua? Ambalo sikulijua ni kwamba honi ambayo kijana yule aliifunga mwenyewe, yenye mlio kama ndege anayeita mwenzake, mama yake aliitambua hata akiwa ndani.

Nyumba yao iko kando ya njia ya sokoni. Kila nilipopiga honi pale, pazia la mlango lilifunguka, mama akatoka mbio, mikono imejaa unga wa muhogo. Alinitazama usoni, kisha akarudi ndani. Siku moja, nyuma yake, niliona sahani ya ugali imefunikwa, kiti kimevutwa tayari. Nikaanza kuogopa. Sikumwogopa yeye, nilijiogopa mimi, kana kwamba ndimi mzimu unaopita kwenye milango ya watu.

Binti yake alinifuata kwenye parking, pale bajaji zinapongojea abiria.

"Kaka, nakuomba, badilisha ile honi. Mama hakule tena chakula, iko anangoja tu."

Siku hiyo hiyo fundi aliitoa, akafunga ya kawaida. Pazia halikufunguka tena. Nikapumua.

Kisha mama mwenyewe akanisimamisha sokoni, akapanda na beseni lake la dagaa. Tulipokaribia kwake akauliza:

"Ile honi uliitoa?"

"Ndiyo, mama. Nyumbani kwako walisema inakuumiza."

"Banafikiri nimekuwa wazimu. Mi najua mutoto wangu alikufa. Lakini mbele nifungue pazia, mbele nione sura yako, alikuwa muzima. Kidogo tu. Ile kidogo mumeniondolea."

Nilimwambia nitairudisha.

"Hapana. Acha. Sasa nitakuwa napanda tu."

Tangu hapo hupanda kwangu, hata kama bajaji tupu zimejaa parking. Hukaa nyuma yangu moja kwa moja. Kwenye kioo naona anatazama kisogo changu, kama mtu anayetaka kuita jina. Sigeuki. Naendesha polepole hadi mlangoni kwake, nazima injini, nangoja ashuke. Siku nyingine anakawia sana kushuka.