Kidole cha Mguu Chini ya Begi

Ndugu yangu mkubwa ni rubani, lakini kwetu mtaani Munuki, Juba, nilimwita konda wa ndege. Ana miezi mitano tu kazini, na kazi yake, nilidhani, ni kufunga mlango na kusema "Ndiyo, Kapteni."

Likizo iliyopita nilipata nafasi kwenye ndege yao ndogo nimpelekee nyanya yetu kijijini sukari na sabuni. Uwanjani kila abiria hupimiwa mzigo. Niliweka begi ukingoni mwa mizani, nikaliinua kidogo kwa kidole cha mguu. Kilo kumi na nane zikawa kumi na moja. Mama aliyekuwa nyuma yangu aliona.

"Wewe shetani! Nifundishe."

Nikamfundisha. Naye akamfundisha jirani yake. Foleni ilipoisha, mizigo yote ya soko la Konyo Konyo ilikuwa nyepesi kama pamba.

Tukafungiwa ndani. Mimi nyuma tu ya marubani, mkanda tumboni, gunia la mtu limenibana magoti, jasho linateremka mpaka kwenye soksi. Ndugu yangu akachungulia gurudumu dirishani.

"Kapteni, naona ndege imekaa chini sana."

"Karatasi inasemaje?"

"Inasema tuko sawa."

"Sasa? Wewe una masaa mangapi hewani?"

Akanyamaza.

Kimya hicho nakijua. Mwezi wake wa kwanza, akiwa na kapteni mwingine kwenye uwanja wa matope huko kijijini, alinyamaza hivyo hivyo, na ndege ikaondoka ikigusa vilele vya miti. Alirudi nyumbani na majani aliyoyachomoa kwenye gurudumu, akanionyesha mimi peke yangu. "Niliona. Sikusema. Nilifikiri mzee anajua." Nami, mjinga, nikamuuliza kama hiyo ndiyo mboga ya jioni.

Ndege ikaanza kutembea. Nikageuka. Akina mama wamekumbatia zawadi zao. Nikisema, wataniua. Nisiposema, tutakufa wote, na nyanya hapati hata sukari. Nikavuta mkanda, haukulegea. Mlango wenyewe ulikuwa nyuma ya magunia yote. Mdomo wangu, ambao darasani haufungiki hata kwa kiboko, ukagoma.

"Kapteni, simamisha, tafadhali." Sauti ya ndugu yangu ilitetemeka kama ya mtoto anayesoma risala. "Tupime tena. Kesho unaweza kunifukuza."

"Kijana, unaniambia mizani inadanganya?"

"Si mizani," nikasema kutoka nyuma. "Ni kidole changu cha mguu."

Tukateremshwa wote. Yule mama wa kwanza alinitukana kwa Kiarabu cha Juba, halafu akarudia kwa Kiswahili, nisije nikakosa neno. Ndugu yangu alipiga magoti kwenye lami, shati jeupe na kila kitu, akikagua miguu ya watu, mzigo baada ya mzigo. Kapteni alisimama nyuma yake na karatasi, anakata namba na kuandika upya. Jumla ilipopatikana, alimwonyesha ndugu yangu kwanza, akangoja atikise kichwa kukubali.

Magunia manne yalibaki. Nami nilibaki. Konda wangu alifunga mlango bila kunipungia mkono. Nikakaa juu ya sukari ya nyanya, nikatazama magurudumu yakiiacha lami mapema, uwanja ukiwa bado mrefu mbele ya ndege.