Mpaka Uteuzi Upite

Mume wangu, Roscoe Pettiford, alivunjika goti akiwa chuoni, na tangu hapo hakuwahi kufanya kazi nyingine isipokuwa kuzitumikia timu za futiboli ya Kimarekani. Alianza kwa kwenda kuwapokea wachezaji uwanja wa ndege. Baadaye akawa msaka vipaji, akizunguka vyuo vya kusini kwa gari la kukodi na kula kuku wa vituo vya mafuta mpaka akapata shinikizo la damu. Tumehama Houston, tumehama Buffalo, mwisho tukatua hapa Toledo, na hapa akapanda hadi kuwa mkuu wa wasaka vipaji wote. Juu yake kilibaki kiti kimoja, cha meneja mkuu, na alikitaka mpaka akawa anakiota.

Januari kiti kikawa wazi. Mwenye timu, Bwana Ostrander, akamwita kwenye usaili. Timu nyingine zilishamwita hivyo, na sababu tuliijua: sheria ya ligi inataka wamhoji mtu mweusi kama sisi kabla ya kumwajiri waliyekwisha kumchagua. Lakini hii ilikuwa timu yake mwenyewe, basi nikampigia pasi shati kwa matumaini. Alisifiwa sana. Kazi akapewa Tanner Haldane, kijana ambaye Roscoe ndiye aliyemfundisha hata kushika saa ya kupimia mbio.

Mimi nilitaka tuondoke siku hiyohiyo. Haldane akatuwahi. Alikuja kwetu, akala pai yangu ya pichi, vipande viwili, kisha akamwambia Roscoe, ambaye vijana wote humwita kocha, "Kocha, bila wewe mimi sijui kitu. Nivushe huu uteuzi wa Aprili, unaibu ni wako."

Kilemba cha ukoka hicho. Kwenye ligi yetu kila mtu anaijua desturi: meneja mpya huwabakiza wazee wa zamani mpaka timu ichague wachezaji wake kutoka vyuoni, kwa sababu habari za vijana hao zimo vichwani mwao. Uteuzi ukipita, anawafagia na kuleta rafiki zake. Kila Mei Roscoe aliwaona wenzake wakitoka hivyo.

"Sasa wewe utaponea wapi?" nilimuuliza.

"Huyu nimemlea mwenyewe, Verlene."

"Mtoto wa nyoka ni nyoka, hata umnyweshe maziwa."

Akaenda zake Mississippi kumtazama Jarvis Mouton, mchezaji wa safu ya ulinzi wa chuo kidogo ambacho wasaka vipaji wengine hawakukanyaga. Haldane hakumtaka. Roscoe alibishana naye wiki nzima mpaka akakubali. Usiku wa uteuzi jina la Jarvis lilipotajwa, watu wa televisheni wakamsifu Haldane kwa jicho lake kali, naye akatabasamu, akirekebisha tai. Nilirusha rimoti kwenye kochi. Roscoe akacheka, akaniambia nitulie, ya unaibu yanakuja.

Jumatatu akaitwa ghorofani na kufukuzwa. Haldane alisema anataka watu wake. Unaibu ulikwenda kwa mwenzake waliyekaa naye chumba kimoja chuoni. Asante ya punda ni mateke, na mimi niliona mateke hayo yakija tangu Januari.

Nilikuwa jikoni nikifoka, simu ya Roscoe ilipolia. Alikuwa Jarvis.

"Kocha, nimesikia wewe ndiye uliyenipigania. Tutaonana mazoezini Ijumaa, sivyo?"

Nilimwashiria Roscoe amwambie ukweli, amtaje Haldane kwa jina. Akanipa mgongo.

"Fika mapema," alimwambia. "Halafu ule mguu wako wa kushoto, unauchelewesha ukigeuka. Kocha mkuu hapendi hivyo. Simama hapo ulipo, nikuelekeze."

Akaanza kumwelekeza, hatua kwa hatua, huku akijipangapanga mwenyewe sakafuni na goti lake bovu, akiifanya kazi ya watu waliomfukuza asubuhi ile. Niliinua mkono nimnyang'anye simu. Nikashindwa.