Nimetengwa Kanisani kwa Nyimbo Zangu, Mchumba Wangu Kaiba Mmoja

Admin, jina langu lifukie kabisa. Na la mchumba wangu pia, ingawa huyo hastahili stara.

Mimi ni dada wa miaka ishirini na nane, fundi cherehani hapa Tabora mjini, nimekulia kwenye kwaya ya kanisa letu tangu sijui kufunga kamba za viatu. Mchumba wangu ndiye mwalimu wa kwaya hiyo, nitamwita Mwalimu. Mahari imeshapokelewa. Mama yangu akimtaja anashusha sauti utadhani anamtaja mkuu wa mkoa.

Mbali na kwaya nina bendi. Si ya taarabu wala singeli. Ni metali: magitaa mazito, ngoma za kishindo, mwendo wa polepole kama watu wanaokwenda kuzika, halafu ghafla mapigo yanageuka, unahesabu saba badala ya nne. Mwimbaji ni mimi. Naimba soprano, na panapotaka hasira nanguruma kutoka tumboni. Tumetoa albamu, yote inahusu njia ya zamani ya misafara, wapagazi waliopita huku kwetu na meno ya tembo mabegani, na wake zao waliobaki wanasubiri. Wimbo wa tatu ndio roho yangu. Mke anamwimbia mume aliyefia njiani: mpagazi, tua mzigo, umefika. Niliutunga tulipotoka kumzika baba, aliyebeba magunia stesheni maisha yake yote. Mwisho wake nanguruma, kwa sababu kulia kwa sauti nzuri hakukunitosha.

Sasa kipande cha wimbo wa kwanza kikazunguka kwenye simu za waumini. Nikaitwa kwenye baraza la wazee wa kanisa. Wakaweka simu mezani, wakabonyeza. Niliponguruma tu, mzee mmoja akaizima kama inamuunguza.

"Huyu anayenguruma ni nani?"

"Ni mimi, mzee."

"Ni wewe, au ni aliyemo ndani yako?"

"Ndani yangu nimo mimi peke yangu, mzee wangu."

Hawakusikiliza zaidi ya hapo. Nikatengwa. Hakuna meza ya Bwana, tangazo la ndoa likasimamishwa, nirudishe joho la kwaya, nikae benchi la nyuma mpaka siku nitakayosimama mbele ya ushirika nitubu. Joho lenyewe nimelishona mimi! Na Mwalimu alikuwepo kikaoni, mwanaume mzima, anakagua viatu vyake. Hata kukohoa hakukohoa.

Baadaye nikaitwa kanisani kuwapima wanakwaya sare mpya, maana mimi nimetengwa ila cherehani yangu haina dhambi. Futi iko shingoni, nampima dada mmoja mabega, mazoezi yakaanza, kwaya ikaimba: Mkristo, tua mzigo, umefika.

Nikaacha kupima. Wimbo wa baba yangu! Kabadilisha neno moja tu, mpagazi kawa Mkristo. Na yale mapigo saba kayakata yakawa manne, kwa sababu saba yamemshinda, maskini. Mwalimu wa muziki anayehesabu kwa vidole! Na yule yule mzee aliyeizima simu alikuwa kakaa mbele, leso machoni, anasema, "Roho kashuka, Mwalimu, Roho kashuka." Mwalimu kainamisha kichwa kwa unyenyekevu wa kuazima. Nilitamani kutema mate pale pale.

Nikamsubiri nje.

"Wimbo huu kautunga nani?"

Akacheka. "Mpenzi wangu, nimeuokoa. Kule kwenye makelele yenu nani angeusikia?"

"Nilikutumia uusikilize, sikukutumia uuibe."

"Tukishaoana chako si changu? Usinivurugie mambo. Jumapili utatubu, tutakupokea, na utauongoza wewe, maana pale juu hakuna soprano anayepafikia. Ila ile albamu ifute kwanza mtandaoni, watu wasije wakachanganya."

Jamani, mnamwona? Siku zote nilidhani anamwogopa shetani. Kumbe anaogopa ushahidi. Na ndiye huyu nilikuwa namwekea nyama kubwa kwenye sahani!

Mama hataki kusikia. "Mwanangu, simama useme hayo maneno ya toba, turudi nyumbani tupange harusi. Wimbo gani unaomzidi mume?" Nikamwambia ni wimbo wa baba. Akachambua mchele wake, kisha akasema, "Baba yako ameshakufa. Mimi bado nipo, na ninataka kukuona umeolewa." Hilo lilinichoma. Mpiga gitaa wetu, kijana anayetengeneza simu sokoni, kaniambia, "Dada, ukiifuta albamu hatutakulaumu," halafu akageukia kazi yake bila kunitazama. Nikajua wameshanilaumu.

Jumapili yenyewe ni hii inayokuja. Majoho mapya ya kwaya nimemaliza kuyashona, yamepigwa pasi, yananing'inia hapa mbele yangu, na la kwake nimelishona vizuri kuliko yote, mjinga mimi. Albamu sijaifuta. Mchungaji atanipa kipaza sauti nitubu, na baada ya hapo hataninyang'anya, kwa sababu wimbo unafuata. Nitakuwa nimekishika mimi, kwaya iko nyuma yangu, yule mzee kakaa mbele na leso yake, Mwalimu kainua mikono ananisubiri niingie kwa nne.

Ndugu zangu mnaosoma hapa, msiniambie nisamehe tu, hilo mama kashaniambia. Semeni nanyi. Nimwimbie mapigo yake manne nipate ndoa? Au niwaambie huu ni wimbo wa baba yangu, nihesabu saba, na nikifika pale mwisho ningurume?