Pampu Iliyotangulia Mlimani

Naikumbuka siku tuliyopanda kwenda nyanda za juu za Mbulu, mwanangu, na leo naicheka, ingawa siku ile sikucheka. Ilikuwa miaka ya ruksa, biashara zimefunguliwa, nasi vijana watano wa Mwandoya tukafunga magunia ya dagaa wa Lamadi nyuma ya baiskeli, tukauze huko kwenye baridi. Aliyetuongoza ni Masanja, mkubwa wetu kwa umri. Pampu ilikuwa moja tu, na gundi na viraka vyake, akanikabidhi mimi kwa kuwa nilijisifu sana.

Sisi watu wa mbugani mlima hatukuujua. Masanja alituagiza kwamba mmoja akishuka kusukuma, wote tushuke. Mimi nikaona ananichelewesha. Mlima ulipoanza tu nikakanyaga pedali, nikawaacha. Ujana bwana!

Juu nilikaa kwenye jiwe nikiitazama mbuga yetu kule chini, pumzi fupi, moyo umejaa raha. Nikangoja. Ukungu ukatanda, hakuna mtu. Nilipoingiza mkono mfukoni kutafuta karanga, nikaigusa pampu. Tairi likitoboka huko chini, wataliziba na nini?

Niliteremka mbio. Niliwakuta chini kabisa, tairi la Ndaki, rafiki yangu tangu utotoni, limetoboka. Alikuwa amesukuma mzigo ule mpaka akachoka kabisa, shati limelowa jasho, baridi inamtetemesha kama ndama aliyezaliwa leo. Niliogopa, mwanangu. Nilidhani nimemuua.

Masanja hakunigombeza. Alimvika Ndaki koti lake, akaziba tairi taratibu, ndipo akanitazama.

"Pampu umeifikisha juu," alisema. "Sisi je?"

Nikamwomba Ndaki radhi. Alitabasamu, meno yakigongana.

"Nduhu tabu," akasema, yaani hakuna shida, na hapo ndipo nilipolia.

Tulipoendelea, Ndaki alitangulia, sote tukafuata mwendo wake, mimi nyuma kabisa na pampu yangu. Tulifika jioni, watano kamili, wenyeji wakatupa maziwa ya moto. Sijawahi kunywa maziwa matamu vile.

Basi mwanangu, ukijaliwa nguvu kuliko wenzako, kaa nyuma yao. Kinachotegemewa na wote usikimbie nacho. Ndaki bado yupo, wajukuu wamemjaa uani, na kila tukikutana ananiuliza pampu iko wapi.

Mungu akupe miguu ya kupanda, na akupe watu wa kufika nao.