Nashuka Mtoni, na Shemeji Ndiye Mshika Kamba Yangu

Admin, jina langu baki nalo wewe, kisa wape watu. Nina miaka thelathini na sita, kwetu ni Kipini, nimeoa Garsen na nina watoto wawili. Kazi yangu ni ya kupiga mbizi, lakini si ya samaki. Namwaga zege chini ya maji na kulisawazisha pale nguzo za madaraja zinapokalia. Sasa hivi tuko kwenye daraja moja la Mto Tana ambalo sitalitaja.

Watu wakisikia kazi yangu huniuliza habari za mamba. Mamba nimewazoea, tena wana adabu zao, hawasogelei kelele za mashine. Anayeninyima usingizi ni shemeji yangu, kaka wa mke wangu.

Niwaeleze kidogo ndipo mnielewe. Maji ya Tana ni tope tupu. Ukishuka, hata kiganja chako hukioni, kazi yote ni ya kupapasa. Zege linateremka kwa bomba refu kutoka juu, na mdomo wa bomba lazima ubaki umezama ndani ya zege bichi. Ukichomoka, maji yanaosha saruji na unabaki na kokoto. Mimi ndiye ninayeupapasa mdomo huo na kuwaambia wa juu wainue au wasimamishe. Nawaambia kwa kamba. Hewa inanijia kwa mpira, lakini sauti yangu ni kamba, na anayeishika ndiye masikio yangu. Sisi wa kazi hii mshika kamba hatuletewi na ofisi, kila mtu huja na wake, wa damu au wa ndoa. Akishaishika haiachi na haifungi popote mpaka utoke majini. Hata adhana ikiingia, ataswali baadaye. Ndiyo maana nilimtoa shemeji stendi ya Garsen, alikokuwa akishinda bila shughuli, nikamwingiza kazini.

Wiki iliyopita tulikuwa tunamwaga. Nikahisi mdomo wa bomba umechomoka, vidoleni nashika kokoto zilizooshwa, hazina uji. Nikavuta kamba mfululizo, maana yake simamisheni. Kimya. Zege likaendelea kuja. Nikavuta tena kwa nguvu. Jamani, kamba iliyo mkononi mwa mtu utaijua, ukivuta inakufuata kidogo, halafu inakujibu. Ile ilikaza tu. Ilikuwa imefungwa kwenye chuma. Niliogopa, sitawaficha. Nilipanda peke yangu kwa kufuata bomba, na nilipotoa kichwa nikamkuta shemeji amekaa palepale, kamba mkononi, anahema na jasho linamtiririka kama mtu aliyetoka kuvuta winchi ya kuinulia bomba.

Nikamuuliza, "Kamba ilikuwa wapi?"

"Shem, si hii hapa? Mimi sijaskia kitu."

Msimamizi wetu, aliyekuwa nyuma yake, akadakia, "Leo maji yako na nguvu. Labda ulivuta mpira."

Eti mimi nisijue kamba na mpira! Ninavyoshuku, zege lilikwama ndani ya bomba, msimamizi akataka bomba liinuliwe haraka ili zege lishuke, na mikono iliyokuwa karibu ni ya shemeji, naye akaifunga kamba yangu ili akavute. Nilimwambia mhandisi kwamba pale chini pana kasoro. Alinisikiliza vizuri, lakini wale wawili waliapa bomba halikuchomoka, naye akasema patachunguzwa maji yakipungua.

Tangu siku hiyo macho yangu hayatulii. Hao wawili zamani hata salamu ilikuwa ya shida. Sasa wanatafuna miraa ya fungu moja, na nikisogea mazungumzo yanageuka kuwa mpira wa miguu. Juzi nasikia shemeji atahamishiwa kwenye kreni baada ya kazi hii. Nani alimfundisha kreni? Labda nawaonea. Lakini wazee walisema kikulacho ki nguoni mwako, na huyu nilimvaa mwenyewe.

Nyumbani nilimwambia mke wangu kwamba nilivuta na sikujibiwa, basi. Habari ya kufungwa niliimeza, kwa sababu ni kaka yake na niliona aibu. Alikuwa akichagua mchele. Akaniambia bila kuinua uso, "Baba Saumu, usimfukuzishe kaka yangu kazi. Hata kama aliifunga, aliifunga kidogo tu."

Nikamuuliza, "Nani kakwambia ilifungwa?"

"Si wewe umesema sasa hivi?"

"Mimi sikusema."

Akainuka, akasema anaenda kuangalia jiko. Jiko lilikuwa halijawashwa.

Sasa mnaona nilipo. Nikibadilisha mshika kamba, ukoo mzima utasema nimemwita mtoto wao muuaji. Baba mkwe ameshanipigia simu kutoka Hola, akaniambia, "Mwanangu, mambo ya kazi yasije yakavunja ujamaa." Hata yeye alijuaje, kama hakuna kikao kilichokaa nyuma yangu? Na nikishuka huku kaka mtu ameshika, nitakuwa kule gizani nikimpapasa yeye badala ya zege.

Jana nilimuuliza mke wangu swali moja tu. Nilimwambia, "Nikishuka na kaka yako ndiye ameshika kamba, nitapanda?" Nilitaka aseme ndiyo upesi, hata kama hana hakika. Alifikiri kwanza, ndipo akasema, "Inshallah."

Tunamwaga tena Jumatatu. Ndugu zangu mnaosoma, matusi nitayavumilia, lakini nipeni shauri kabla ya siku hiyo. Nishuke?