Chai ya Mzazi

Nakumbuka siku moja, mwanangu, joto la kaskazi limeishika Tanga nzima, mtu hata shuka haitaki, na mke wangu Mwanaidi kalala anatetemeka kwa baridi. Kajigeuza, anautazama ukuta. Asubuhi ile tulikuwa tumetoka kumzika mtoto wetu wa kwanza. Alizaliwa kimya, hakulia hata mara moja.

Nakwambia haya wewe, mtoto wa dada yangu, kwa sababu nimesikia mkeo karudi jana kutoka hospitali mikono mitupu. Nimekukuta barazani na simu yako, watu wanakupa pole nawe unaitikia. Basi kaa hivyo hivyo unisikilize. Mzee akianza kusema hana breki, utanistahamilia.

Mama yangu alikuwa kaja mapema kutoka Mkwaja na kikapu cha arobaini. Si unayajua mambo yetu: mwanamke akijifungua, siku arobaini hapewi cha baridi. Hunyweshwa chai ya rangi, ile wanayoipika Wahindi, viungo tele, pilipili manga ya kumtoa jasho, na sukari guru badala ya hii nyeupe, ili arudishe nguvu. Vyote vilikuwamo kikapuni. Mtoto alipozaliwa vile, mama akakifunga kikapu kwa kanga akakisukuma uvunguni. Hakuwa na roho mbaya, masikini. Alisema, "Akiviona vitamkumbusha." Nasi sote tukaona ni busara. Mtoto hayupo, arobaini ya nini?

Eti kumkumbusha! Kwani alikuwa kasahau? Maziwa yalikuwa yamemjaa mpaka yameloanisha gauni, na wa kuyanyonya hayupo.

Alasiri akaingia Mama Shirin, jirani yetu Mhindi pale Ngamiani. Bibi mfupi, muuza viungo, na ulimi wake mkali kuliko pilipili alizouza. Nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akachungulia chumbani, akarudi uani.

"Mkeo kanywa nini?"

"Maji, Mama Shirin."

"Na chai yake?"

"Lakini mama, mtoto hakuishi."

Akanikazia macho, nikatamani ardhi ipasuke.

"Nimekuuliza mtoto mie? Nimekuuliza mzazi. Kazaa, hakuzaa?"

Nikainamisha macho. Mama yangu naye akainamisha kichwa.

Mama Shirin akaniamuru nikitoe kikapu, akanisukuma jikoni. Mama akashtuka. Mwanamume jikoni, na yeye mwenyewe yupo! Mama Shirin akamwambia, "Mwache. Mie nitarudi kwangu, weye utarudi Mkwaja. Atakayebaki naye ni huyu." Akakalia mbuzi ya kukunia nazi, akawa ananielekeza. Nikatwanga tangawizi, mdalasini, iliki, karafuu na pilipili manga, nikavichemsha mpaka nikapiga chafya. Nikataka kutia majani mapema, akanichapa mkono. "Majani mwisho! Ukiyachemsha sana yatakuwa machungu, na uchungu anao wa kumtosha." Nilipoepua ndipo akaniruhusu kumega sukari guru, nikakoroga mpaka ikayeyuka.

Wakati nachuja akasema polepole, macho kayaelekeza motoni, "Wangu wa kwanza naye hakulia. Hakuna aliyeninywesha kitu." Akajifuta kwa ncha ya mtandio, akanionyesha mlango wa chumbani.

Nikaingia. Mwanaidi alisikia harufu, akageuka.

"Chai ya nini hiyo?"

"Ya mzazi."

Akajiinua kitandani akaketi. "Kumbe unajua kama nimezaa," akasema, na hapo kilio kikamtoka, kilio alichokuwa kakizuia tangu hospitali. Nikalia naye, sioni haya kukwambia. Alipotulia akanywa chai yote, jasho likamtoka, akalala. Nikampikia kila siku mpaka arobaini yake ikatimia, na vijana wenzangu wa kibanda cha kutengeneza baiskeli wakanicheka walivyotaka.

Mungu hakutujaalia mwingine. Watu walituambia kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Methali nzuri hiyo, ila waliokuja nayo waliaga wakarudi kwa watoto wao. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Kila mwaka siku ile ilipozunguka nilipika chai ile, tukanywa sisi wawili bila ya kusema sababu. Mwaka jana nikamzika Mwanaidi. Juzi juzi siku imefika, nikajikuta nimepika ya watu wawili kwa mazoea. Nimeinywa yote peke yangu, mwanangu, na sukari guru ile sikuisikia utamu wake.

Basi nikuusie. Usimwambie mkeo mtapata mwingine, maana aliyempoteza ni huyu. Nguo za mtoto usizifiche bila kumuuliza. Usiwaachie wanawake kila kitu ukajibanza barazani ukidhani unampumzisha, atadhani umemkimbia. Mtoto kuondoka hakumfanyi mama asiwe mama, mpe arobaini yake kamili, na chai umpikie kwa mkono wako. Nawe ni baba pia. Ukitaka kulia, lia huko huko jikoni, atakayekuuliza mwambie ni moshi.

Kinu changu nimekuletea, kimo kwenye mfuko ule pale mlangoni, na sukari guru nimeitia humo humo. Mungu amrudishie mkeo afya yake, ampokee mtoto wenu kwa rehema, na awape subira mzeeke pamoja kama alivyotupa mie na Mwanaidi wangu. Amin.

Haya, iweke hiyo simu. Inuka ukateleke maji, mzazi hajanywa chai.