Ikikusumbua, Mwaga Tu

Nina pua ambayo imenitesa tangu utotoni. Harufu ambayo wengine hawaisikii, mimi inanifuata mpaka kwenye nguo. Sweta lililolowa mvua likakaushwa juu ya jiko, maji ya maua yaliyosahaulika kwenye chupa, mtu aliyekula kitunguu kibichi kisha akataka kuninong'oneza jambo: vyote hivyo hunichafua roho. Nyumbani walisema ninaringa. Mama peke yake ndiye aliyekuwa akinitetea, akisema nitapona nikizaa. Nimezaa mara mbili na bado.

Kwa hiyo chumba kile cha kuwekea mizigo, nyuma ya duka la simu karibu na steji ya Nakuru, nilikichukia kabla sijakanyaga ndani. Lakini kabla ya chumba lazima nieleze tulikuwa tunaenda wapi, mimi na mama, na tulikuwa tumebeba nini.

Ndugu yangu, kitinda mimba wetu, alikuwa anarudi kutoka Ghuba baada ya miaka sita ya kulinda milango ya majengo ya watu. Ndege yake ilikuwa itue Nairobi saa kumi na moja jioni. Kwetu Kuresoi mtu wa namna hiyo hapokewi kwa maua. Anapokewa kwa mursik, maziwa yaliyochachia kibuyuni. Akitoka tu pale mlangoni na mabegi yake, kabla hajawasalimia wengine, mama yake anamshikia kibuyu mdomoni, anakunywa, na hapo ndipo amefika. Mama alikuwa ameingoja siku hiyo miaka yote sita. Alipopigiwa simu kwamba tiketi imepatikana, hakuuliza mwanawe atakuja na nini. Aliuliza ni siku ngapi zimebaki, ili ajue maziwa ayaweke lini.

Kibuyu chenyewe kilikuwa cha mama yake, yaani nyanya yangu, chenye ngozi shingoni na shanga ambazo nyingine zimeng'oka. Mama alikisugua ndani kwa kijinga cha mti, kama afanyavyo miaka yote, mpaka ukuta wa ndani ukawa mweusi tititi. Hayo masizi ndiyo dawa yake. Ndiyo yanayoipa mursik ile rangi ya majivu na vile vijichembe vyeusi. Halafu akachemsha maziwa, akayapoza, akayafungia humo, akakiweka kibuyu pembeni mwa jiko ambapo hata mjukuu hakuruhusiwa kukigusa.

Na mimi, hapa nasema ukweli, sijawahi kuipenda harufu ile. Moshi na uchachu kwa pamoja. Nikipewa nilikuwa nabana pumzi, nakunywa haraka, nasema ahsante. Hakuna aliyejua.

Tulitoka nyumbani alfajiri, na kabla ya saa mbili tulikuwa Nakuru. Mama alikuwa ameuona mji huo mara nne tu, zote za kumpeleka baba hospitali, na mgonjwa hakuachii nafasi ya kutazama majengo. Mimi nilikuwa nimesoma chuo hapo miaka miwili na nikarudi nyumbani na majigambo ya miaka ishirini. Tulikuwa na saa nne kabla ya gari la Nairobi. Nikaamua kumtembeza. Ziwa, kreta, barabara kubwa, kila kitu.

"Kibuyu nitakibeba mwenyewe," mama alisema.

"Mama, tutatembea sana. Kitamwagika. Tukiache kwenye chumba cha mizigo."

Huo haukuwa ukweli wote. Nilikuwa nimevaa viatu vyangu vizuri. Nilituona akilini, mimi na mama na kile kibuyu ndani ya kiondo, kinanuka, tukipita mbele ya maduka ambayo zamani nilipita na wenzangu wa chuo tukiwacheka watu kama sisi.

Alinitazama, akatazama kiondo, akanipa. Yeye akabaki nje na gunia dogo la viazi, maana hakutaka liachwe hata dakika moja peke yake, nami nikaingiza vitu kimoja kimoja, kiondo kwanza na gunia mwisho.

Sijui nianzie wapi. Chumba hakikuwa na dirisha. Upande mmoja kulikuwa na magunia ya omena, mengine yametoboka, samaki wametapakaa sakafuni wakikanyagwa. Kulikuwa na tenga la kuku ambao walikuwa wamesafiri usiku kucha na hawakuwa wamejizuia. Juu ya kuku, mtu mwenye akili zake alikuwa ameweka godoro la mtoto. Mtungi wa mafuta ya taa ulikuwa unavuja taratibu kwenye katoni ya mikate.

Mwenye chumba alikuwa mama wa makamo mwenye aproni, mikono imepauka kwa sabuni, akifagia omena wale bila kukata tamaa. Alinipa kipande cha katoni chenye namba. Mtu pekee aliyeonekana kupigana na uchafu ule alikuwa yeye, na nilimhurumia.

Nyuma yangu aliingia mwanaume wa suti na viatu vya ncha, akiburuta suti-kesi. Akaiweka chini karibu na kiondo changu. Akasimama. Akanusa.

"Aki ni nini inanuka hivi?" akauliza.

Katika chumba kile! Kuku wanamtazama, omena yuko chini ya kiatu chake, na yeye anauliza. Lakini macho yake yalikuwa yameshatua kwenye kiondo, kwenye shingo ya kibuyu iliyochungulia nje, na yule mama wa aproni naye akatazama hapo hapo. Masikio yangu yakawaka moto.

Ningesema, "Ni mursik." Neno moja. Nakuru nzima inalijua.

"Ni maziwa tu, imeharibika," nikasema. Nikacheka kidogo, kile kicheko cha kujitoa kwenye jambo. "Ikikusumbua, mwaga tu."

Yule wa suti akacheka nami. Nikatoka nje nikijisikia mwepesi. Hilo ndilo linaloniudhi zaidi nikikumbuka, kwamba nilijisikia mwepesi.

Basi nikamtembeza mama. Nakuru ni jiji sasa, limetanuka kila upande mpaka limekula mashamba, na kwa kila mtaa mpya kuna jalala jipya. Barabara niliyotaka aione, ile yenye maduka ya vioo, ilikuwa na mtaro uliopasuka na maji meusi yanakimbia katikati. Tukaruka kama mbuzi. Mwanaume mmoja alikuwa anakojoa ukutani, chini kabisa ya maandishi yanayokataza kukojoa, akatusalimu kwa adabu, "Habari ya asubuhi, mathe." Mama akaitikia. Mimi nikageuza uso.

Ziwani maji yalikuwa yamepanda na kumeza miti, na miti imesimama humo imekauka, na ukingoni kulikuwa na povu la rangi ya kijani lenye harufu ya mayai. Nilikuwa nimemwahidi flamingo, ndege wa rangi ya waridi, kwa maelfu. Tuliwaona kwa mbali sana, mstari mwembamba, na mbele yetu nepi ya mtoto imefunguka majini. Nilikasirikia watu wa Nakuru kana kwamba walipanga kuniaibisha.

Mama hakuona lolote kati ya hayo. Kila nilipomwonyesha kitu aliniuliza kuhusu kile chumba.

"Kina dirisha?"

"Kiko sawa, mama."

"Jua haliingii? Joto likizidi yanafura."

"Mama, tazama ziwa."

Akatazama ziwa, akasema ni kubwa, akauliza saa ngapi.

Tukapanda hadi kreta, mdomo wa volkano, kwa bodaboda. Kule juu upepo ulikuwa safi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo nilivuta pumzi hadi chini kabisa, japo chupa za pombe zilikuwa zimetapakaa kwenye majani. Mama aliligeuzia mgongo shimo lile kubwa ambalo watu hutoka mbali kuja kuliona. Alikuwa anatazama mabati ya mji huko chini, amekinga macho kwa mkono.

"Ni bati gani?" aliniuliza.

Tukateremka mapema kuliko nilivyopanga.

Nilipoukaribia mlango wa chumba cha mizigo, pua yangu ilifurahi. Naapa ilifurahi. Sakafu ilikuwa imeoshwa, maji bado yanachuruzika kizingitini, na hewani kulikuwa na harufu ya sabuni ya unga, kali, ya limau. Ilikuwa harufu nzuri ya kwanza niliyoipata mjini tangu asubuhi. Nilikuwa nafikiria kumsifu yule mama wa aproni.

Halafu nikakiona kibuyu. Kilikuwa nje, juani, kimepinduliwa juu ya ndoo, mdomo chini, kinadondosha maji.

Mama alikuwa amekiona kabla yangu.

Yule mwenye chumba alitoka akijipangusa mikono, uso umejaa wema. "Mathe, pole. Ilianza kufura, kifuniko ikaruka, ikamwagikia suti-kesi ya mtu. Nikamwaga yote kwa mtaro. Lakini nimekuoshea na maji moto na sabuni. Ndani kulikuwa na uchafu mweusi mwingi sana, nimesugua mpaka ikatoka."

Mama si mwongeaji wa Kiswahili. Anakijua cha sokoni na cha hospitali, na alikitafuta pole pole.

"Nani aliambia wewe mwaga?"

"Si ni huyu msichana wako?" Yule mama alinionyesha kwa kidevu, bila ubaya wowote. "Alisema ni maziwa imeharibika, ikinisumbua nimwage tu." Kisha akatazama uso wa mama, akatazama zile shanga shingoni mwa kibuyu, na nikaona wema wote ukimtoka usoni. "Woi. Ilikuwa mursik? Mathe, mimi bwana yangu ni mtu wenu, wa Bomet, ila kwangu hatutengenezi. Angesema ni mursik ningegusa kweli?"

Nilitazama chini, na chini kulikuwa na mtaro. Maziwa yalikuwa bado humo, yamekwama nyuma ya mfuko wa plastiki, ya rangi ya majivu, yana vijichembe vyake vyeusi, nzi wamejaa juu. Mbwa alikuwa anayalamba. Nikashika ukuta. Nimeona uchafu mwingi siku ile na nikaulaani wote, lakini hakuna kilichowahi kunitia kinyaa kama sauti yangu mwenyewe niliyoikumbuka, na kile kicheko changu mbele ya mtu wa suti ambaye hata sura yake siijui tena.

Nilijaribu kusema kitu. "Mama, sikujua kama..."

Hakunisikiliza. Aliinua kibuyu kutoka kwenye ndoo, akaingiza pua mdomoni mwake, akanusa kwa muda mrefu. Ndani kulikuwa kweupe. Masizi ya miaka, mengine ya mkono wa nyanya, yalikuwa yameenda na maji. Mama akafuta shanga kwa ncha ya kitenge chake. Akamshukuru yule mwanamke, kabisa, akamshika mkono. Kisha akaingia duka la pili, akanunua pakiti za maziwa lala, mtindi wa dukani, akazikata kwa meno moja moja na kumimina ndani ya kibuyu, amechuchumaa kando ya barabara mbele ya watu wote. Nilitaka kumshikia. Akahamishia kibuyu upande wa pili.

Tukapanda gari la Nairobi. Alikipakata kibuyu njia nzima.

Kwenye uwanja wa ndege kulikuwa na familia nyingine mbili za kwetu, na vibuyu vyao, wanaimba. Wanawake wao walituchangamkia, wakauliza tumetoka wapi, mmoja akainama kukinusa kibuyu chetu kama ilivyo kawaida ya wajuzi. Akainuka, akamtazama mama, akarudi kuimba na watu wake.

Ndugu yangu akatoka. Alikuwa amenenepa shingo, amejipaka manukato ya huko, anasukuma mabegi na kututafuta kwa macho kama mtoto. Mama akamwendea. Hakumkumbatia kwanza. Alikishika kibuyu kwa mikono miwili, akakiinua, naye akapiga goti moja sakafuni katikati ya watu na akanywa.

Akasita. Niliona kusita kwake. Macho yake yalifunguka juu ya kibuyu, yakamtazama mama, yakanitazama mimi. Kisha akayafumba tena, akanywa, akanywa, mpaka povu jeupe likabaki kwenye masharubu yake, na lile povu mimi nalijua si la maziwa.

"Ni ile ile ya nyumbani," alisema akisimama, akijifuta mdomo. Mama akalia, hatimaye, na akamkumbatia, na watu wakapiga vigelegele.

Nilikuwa nimesimama pembeni na gunia la viazi. Mama alipomaliza kulia alinigeukia, akaninyooshea kibuyu. Kati yetu siku zote ni lugha ya nyumbani, ndiyo aliyonilelea na ndiyo anayonikaripia nayo. Lakini lile aliloniambia alilisema kwa Kiswahili, pole pole, kwa maneno yangu yenyewe.

"Kunywa," alisema. "Maziwa haijaharibika."

Sikubana pumzi. Nilikunywa ile sabuni mpaka akakiondoa yeye mwenyewe mdomoni mwangu.